Nilivyomuokoa Mama Samweli na Ubatizo Wake

Leo nimeaibika. Na nimeaibika nikiwa nimevaa koti, mbele ya kanisa zima ambalo hata si langu.

Ndugu zangu wa Vitshumbi, ninawaandikia mbio kabla kamio ya samaki haijarudi kwenu. Dereva wa lori lile, Kasereka wetu, alikuwa pale. Alisimama juu ya mawe na muhindi wa kuchoma mukononi, na hakuna kitu kilichomupita. Munamujua Kasereka. Akifika Rutshuru kisa hiki kitakuwa kimeongezeka mara mbili. Akifika kwenu nitakuwa nimelewa, nimemuangusha mutumishi wa Mungu, na nimefungwa. Sikulewa. Sikufungwa. (Hilo la katikati tutalifikia.) Basi sikieni kwangu mimi mwenyewe, Kakule, na musome polepole, kwa heshima, namna mutu anavyosoma habari ya mugonjwa wa kwao.

Samweli munamukumbuka. Ni yule fundi cherehani, mutu wa Rutshuru, aliyekuwa akishona suruali zetu karibu na mizani ya samaki kabla hajahamia Goma. Kila kamio iliyotoka huku iliniletea salamu zake: "Kakule anakuja lini? Aje aone muji, aje akae hata siku chache." Basi nikapewa ruhusa kazini, nikapata na karatasi ya kusafiri, nikafunga samaki ya chumvi kwenye majani makavu, nikapanda juu ya magunia. Vumbi la njiani sitalisimulia, munalijua.

Goma ni muji kweli, sitadanganya. Udongo wake ni mweusi. Ni mawe yaliyomwagika toka mulimani zamani yakiwa moto, na mupaka leo yanakata viatu. (Soli ya kiatu changu cha kushoto ilibaki Kibati, kabla ya kuingia mujini. Mimi nikaendelea.) Kuna maduka yenye vioo, na ziwa limekuja mupaka kwenye milango ya watu. Wazungu wamejenga nyumba zao pembeni kabisa ya maji, na maua, na viti vya kukalia jioni, mahali pale pale ambapo mutu mwenye akili angeweka uzio wa miiba.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulianza. Siku niliyofika, Samweli alinipeleka kuona ziwa, akasimama ameweka mikono kiunoni kama ni yeye aliyelichimba. Mimi sikuangalia uzuri. Niliangalia watu. Wanawake walikuja na vyungu vyao, wakaingia majini mupaka magotini, wakateka, wakaondoka. Hakuna aliyegonga kitu. Hakuna aliyesimama kwanza kusikiliza. Kwetu munajua: hata muzee wa miaka yote anagonga ubavu wa mutumbwi kwa kasia, anangoja, anaangalia maji, ndipo anatia muguu. Hawa waliingia tu, na watoto wao wakioga nyuma yao, na jua linazama.

"Samweli," nikamuuliza, "watu wa hapa wamechoka kuishi?"

"Kwa nini?"

"Hawamuangalii kiboko."

Akacheka. "Rafiki yangu, huku hakuna kiboko. Ziwa hili halina kiboko, halina mamba, halina kitu. Watu wanaoga tu."

Mugeni habishani na mwenyeji siku ya kwanza. Lakini ninyi mungemuamini? Ziwa lisilo na kiboko kwangu ni kama kijiji kisicho na mbwa: labda yupo, amelala tu nyuma ya nyumba. Niliona Samweli amekaa sana mujini, amesahau alichokijua Vitshumbi. Nikamuhurumia.

Samweli anakaa mutaa wa Majengo pamoja na mama yake. Watu wote wanamuita Mama Samweli. Ni mama mufupi, mukimya, mulimaji wa milima ya Rutshuru, ambaye maisha yake yote hakuingia kwenye maji yanayopita magoti. Ana tabia moja nzuri sana, na tabia hiyo ndiyo iliyoniponza: anasikiliza. Ukianza kuongea anaweka chini alichoshika, anakutazama mupaka umalize. Na mimi munanijua. Nikipata mutu wa kunisikiliza hivyo, sijui kufunga kinywa.

Jioni ya kwanza, tukiwa tunakula, nikamueleza habari ya kiboko aliyevunja mutumbwi vipande viwili na kupita katikati. Akasema, "Mana yanjye," yaani Mungu wangu, kwa Kinyarwanda chake, na akaacha kijiko. Nikafurahi. Jioni iliyofuata nikamueleza namna anavyopita kati ya nyumba zetu usiku akila majani, na namna mutu asiyejua anasimama kati yake na maji, na inavyokwisha. Halafu, kwa kuwa alikuwa amenisikiliza kwa upole, nikamueleza pia ya muke wa kaka yangu. Hiyo si ya kuchekesha. Ninyi mulimuzika pamoja nami. Alienda kuteka maji asubuhi, na ndoo ilirudi ikielea peke yake.

Mama Samweli hakula tena jioni ile. Samweli akanikanyaga chini ya meza. Nikadhani nafasi ni ndogo, nikasogeza muguu wangu, nikaendelea. Akanikanyaga tena.

Jana baada ya chakula Samweli aliniita nje, kwenye uwanja, mbali na mulango.

"Kesho Mama anabatizwa," akasema.

Nikamupa mukono. Nikamupongeza. Mimi ni Mukatoliki toka tumboni, lakini jambo zuri ni zuri. Kwangu ubatizo ni padri, kikombe kidogo, matone ya maji kichwani, mutoto analia, halafu tunaenda kula. Nikamuambia nitavaa koti.

Samweli hakucheka. Akanieleza kwamba mama yake amefundishwa dini miaka na miaka. Zaburi anazisema bila kitabu. Lakini kila mara siku ya ubatizo ikifika, anafika pembeni ya maji, anasimama, anatetemeka, anarudi nyumbani. Na katika kanisa lao, mutu asiyebatizwa hali kwenye Meza ya Bwana. Wenzake wanakula mukate. Yeye anabaki kwenye benchi la nyuma, mikono juu ya magoti, sahani inamupita.

"Anazeeka, Kakule," Samweli akasema. "Ananiambia kitu kimoja tu: anataka kula na wenzake kabla hajafa. Hataki nguo, hataki nyumba. Hiyo tu."

"Lakini kwa nini pembeni ya maji?" nikauliza. "Si wanaleta maji kanisani?"

"Kwetu sisi ni ziwa. Anaingia na Pasta mupaka kiunoni, na Pasta anamulaza ndani ya maji, muzima muzima, kichwa na vyote, halafu anamuinua."

Ndipo nikaelewa ule muguu chini ya meza.

Nilitaka ardhi ipasuke. (Pale Goma si neno la kusema ovyo, kwa hiyo nililisema moyoni.) Samweli akanishika bega. "Sikulaumu, hukujua. Nimemuambia Mama kwamba ziwa letu halina hayo, na nadhani ameniamini nusu. Lakini kesho, nakuomba, neno kiboko lisitoke kinywani mwako. Hata mara moja."

Nikaapa. Nikaapa kwa mama yangu, na Bikira Maria shahidi. Nikamuambia, "Kesho utadhani mimi ni bubu."

Leo asubuhi nikaenda kwanza kwenye misa yangu, halafu nikashuka ziwani. Nilivaa lile koti la kahawia nililoolea. Watu walikuwa wengi. Wabatizwa walisimama katika mustari, wamevaa kanzu nyeupe ambazo Samweli mwenyewe alizishona. Waimbaji walikuwa juu ya mawe. Pasta wao, Pasta Yoeli, ni mutu munene mwenye sauti nzuri na uso wa upole. Pembeni yake alisimama shemasi, Muzee Petero, murefu, mukavu, koti jeusi, kofia nyeusi. Watu wananiambia Muzee Petero hajacheka tangu alipopata kazi ile ya kanisa. Na Kasereka pale nyuma, na muhindi wake.

Maji yalikuwa yametulia kabisa, laini, hayana hata alama. Nikajaribu kusimama mbali, kama Mukatoliki anavyopaswa. Lakini Mama Samweli akaniona. Akatoka kwenye mustari, akaja mupaka kwangu, kanzu inaburuta chini.

"Kakule. Wewe ni mutu wa maji."

"Ndiyo, Mama."

"Angalia. Kuko kitu?"

Samweli alinitazama kwa macho ambayo sitasahau. Nikaangalia ziwa kwa makini, kushoto, kulia, katikati, kwa haki yote. Hapakuwa na kitu, na nikamuambia hivyo. "Maji ni safi, Mama. Hakuna kitu."

"Utaendelea kuangalia mupaka nitoke?"

"Nitaangalia mupaka utoke."

Akanigusa mukono, akarudi kwenye mustari, akajiweka wa mwisho. Ninyi mulioniita mulinzi wa bure kule kwetu, jueni kwamba leo nilipewa kazi ya ulinzi na mutu aliyehitaji kweli. Nikasogea mbele. Nikakunja mikono. Sikupepesa macho.

Wakaanza. Mumoja anaingia, Pasta anataja jina lake jipya, anamulaza, anamuinua, watu wanasema Amina, waimbaji wanaimba kidogo. Mwingine. Mwingine. Ilichukua muda, na katika muda huo upepo ukaamka. Kwanza ni kidogo, halafu mawimbi yakaanza kupanda na kushuka. Waliozaliwa pale hawakujali. Mimi nilijali, lakini nilikuwa nimeapa.

Ikafika zamu yake. Akatia muguu wa kwanza, akasimama. Watu wote walikuwa wanajua habari yake. Hakuna aliyekohoa. Akatia wa pili. Maji yakafika magotini, mahali ambapo, Samweli ananiambia, hajawahi kupita. Akapita. Aliingia, ndugu zangu. Aliingia mupaka kiunoni, akimushika Pasta kwa mikono miwili, na midomo yake inatembea, nadhani ni zaburi. Samweli alikuwa analia bila kujificha.

Hapo ndipo nilipomuona.

Nyuma ya Pasta, si mbali, wimbi likashuka na mugongo ukatoka. Mweusi. Wa muviringo. Unang'aa kwa maji. Ukapuliza, pfuu, povu likaruka juu, ukazama. Nikafunga macho, nikayafungua. Ukatoka tena, na safari hii ulikuwa karibu zaidi. (Wananiambia haiwezekani. Mimi ninasema nilichokiona.) Ukapuliza tena, pfuu. Na Mama Samweli amesimama kati yake na nchi kavu, amewapa mugongo watu wote, amefumba macho, kwa sababu mimi nilimuambia hakuna kitu.

Niliapa neno kiboko halitatoka kinywani mwangu. Halikutoka. Hilo musiliache mukisimulia. Niliingia ziwani kimya kimya.

Kwa watu waliokuwa wanaangalia, ilikuwa hivi: mugeni Mukatoliki, ambaye amesimama kwa adabu asubuhi nzima, anatoka mbio bila kusema neno, na koti lake, na viatu vyake, anakwenda moja kwa moja kwa Pasta. Pasta alikuwa ameweka mukono nyuma ya shingo ya Mama. Alikuwa anasema, "Raheli," kwani hilo ndilo jina Mama alilolichagua, "ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la..." Mimi nikafika.

Nilimusukuma Pasta. Sikatai. Nilimusukuma kwa bega, kumutoa njiani mwa yule munyama, kwa nia njema kabisa, na akaenda chini muzima muzima, kichwa na vyote. Nikamukamata Mama kiunoni, nikamutia begani, nikageuka, nikakimbia. Mawe ya chini yanakata, maji yanavuta koti, na Mama huku juu anasema, "Mana yanjye, Mana yanjye," kwa sauti ndogo, bila kunipiga. Nyuma yangu nilisikia Pasta ametoka majini, anakohoa, na kati ya kikohozi anamalizia: "...Roho Mutakatifu."

Nikamuweka Mama chini kwenye mawe makavu. Nikahema. Nilingoja aksanti.

"Kakule," Samweli akasema polepole. "Umefanya nini?"

Sikuwa na ruhusa ya kusema. Nikanyosha kidole. Wote wakageuka, kanisa zima, kuangalia kidole changu kinaonyesha nini. Wimbi likashuka. Mugongo ukatoka. Pfuu.

"Ile?" Samweli akauliza.

"Ile."

Samweli akaangalia chini. Muzee Petero, yule shemasi, akanitazama muda, akatazama ziwa, halafu akaingia majini na koti lake jeusi na kofia yake. Alitembea bila haraka. Maji yakamufika kiunoni, yakamufika kifuani. Nilitaka kumuita arudi. Akafika pale kwenye ule mugongo mweusi, akageuka kutuangalia, akaukalia.

Akakaa. Akaweka muguu mumoja juu ya mwingine. Wimbi likaja, likamulowesha mupaka kwapani, povu likaruka pembeni yake, pfuu. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Kiboko hakusogea.

Ni jiwe. Ni jiwe la mulima, limekaa pale toka enzi na enzi, maji yakitulia linafunikwa, mawimbi yakiamka linatoka. Kila mutu wa Goma analijua. Lina tundu, wimbi linaingia chini na kutokea juu.

Kasereka ndiye aliyeanza. Alicheka mupaka muhindi ukaanguka. Halafu wakafuata watoto, halafu wanawake, halafu hata wabatizwa wapya, wale waliokuwa wametoka majini watakatifu. Kiongozi wa waimbaji alijaribu kuanzisha wimbo ili kufunika kicheko. Sauti ya kwanza iliingia, sauti ya pili ikashindwa. Mimi nilisimama pale, maji yanatoka kwenye mifuko ya koti langu la harusi, na nilitamani kweli kwamba angekuwa kiboko.

Lakini Mama Samweli hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye mawe, kanzu imemushika mwilini, anatetemeka. Akamuita mutoto wake.

"Nirudishe nyumbani."

Kicheko kikaisha. Watu wazima walielewa mara moja kilichotokea, na mimi pia. Muzee mumoja akajaribu kusaidia, akasema labda miguu na kiuno vimekwisha kubatizwa, ibaki sehemu ya juu. Pasta akatikisa kichwa. Alikuwa bado anatoa maji masikioni. Hakuwa na hasira, na hiyo iliniumiza zaidi. "Hakuzama," akasema. "Tutangoja siku nyingine, Mama. Mungu hana haraka." Samweli hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alichukua tu kitambaa cha mama yake, akaanza kumufunika mabega, na mikono yake ilikuwa ya mutu aliyechoka.

Nikapiga magoti kwenye yale mawe. "Mama, nisamehe. Ni jiwe."

"Nimeona ni jiwe."

"Nimekuharibia siku yako."

Mama alinitazama vile anavyotazama, mupaka mutu anamaliza kusema yote. Halafu akauliza, "Wewe ulidhani ni kiboko?"

"Ndiyo, Mama."

"Kweli kabisa? Kama yule wa muke wa kaka yako?"

"Kama yule."

"Na kwenu, mutu akimuona vile, anaingia majini?"

"Hapana, Mama. Anakimbia. Hata baba wa watoto anakimbia."

"Sasa wewe kwa nini uliingia?"

Nikamuambia tu ukweli: "Nilikuambia nitaangalia mupaka utoke."

Mama akakamua maji kwenye pindo la kanzu yake, taratibu, namna mama anavyokamua nguo ya kuanika. Akamurudishia Samweli kitambaa. Akasimama.

"Pasta," akasema, na ile sauti ndogo yake siku hii ilisikika mupaka kwa waimbaji. "Huyu Mukatoliki ameingia kwa kiboko kwa ajili yangu. Mimi nitashindwa na jiwe?"

Akaongeza, "Lakini aje na mimi."

Basi nikaingia ziwani mara ya pili leo, mbele ya watu wote, kushoto kwa Mama Samweli, mukono wake ndani ya mukono wangu. Muzee Petero alibaki amekalia jiwe, ili pasiwe na mashaka tena. Pasta alinitazama kwanza, akapanga miguu yake vizuri. (Simulaumu.) Mama alikuwa anatetemeka mupaka mimi nikatetemeka naye. Magoti. Kiuno. Pasta akataja jina: Raheli. Akaanza tena maneno, Baba, Mwana, na wakati huu akayamaliza.

Kuna kitu ambacho hakuna aliyekifikiri. Mukono ule wa Mama umeshika jembe tangu utoto. Pasta alipomulaza, Mama hakuniachia. Alishuka, na mimi nikashuka.

Nikaenda chini muzima muzima, Mukatoliki wa tangu tumboni, na koti. Nikafungua macho ndani ya maji. Nikamuona amefumba macho kwa nguvu zote, mashavu yamejaa pumzi, kama mutoto anayejificha. Halafu tukapanda juu pamoja. Watu walisema Amina ambayo nadhani ilifika Kibati. Samweli aliingia majini na viatu kumukumbatia. Na Pasta Yoeli, munene, mupole, akanigeukia.

"Wewe sikukutaja jina," akasema. "Kwa hiyo wewe umeoga tu."

Muchana huu wakaandaa Meza ya Bwana kanisani. Samweli alinilazimisha niende, hata nguo zikiwa mbichi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, kwa kuwa si wa kwao, peke yangu, mikono juu ya magoti, maji yanadondoka kwenye sakafu. Sahani ikaja. Ikafika karibu yangu, ikapita, haikusimama, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini ilipopita nilijua kitu ambacho asubuhi sikukijua, namna inavyokuwa kukaa pale miaka na miaka. Huko mbele, kati ya wenzake, Mama Raheli akachukua kipande chake. Akakiweka kinywani. Akatafuna polepole, macho yamefungwa, muda murefu sana kwa kipande kidogo vile, na Pasta akangoja, na kanisa zima likangoja mupaka ameze.

Basi, chekeni, siwakatazi. Lakini mutu akiwauliza mwisho ilikuwaje, musimuambie habari ya jiwe. Mumuambie kwamba Mama alikula.